Bi Kanuni na Sikio la Umeme

Wachezaji walimbandika jina la Bi Kanuni, naye hakuchukia. Siku za kazi alifundisha kompyuta shule ya sekondari. Jumamosi alikuwa mwamuzi wa ligi ya michezo ya kompyuta, ile ambayo watano hukaa meza hii na watano meza ile, wakapigana vita vya kwenye skrini mbele ya ukumbi uliofurika.

Sheria aliyoishikilia kuliko zote ilikuwa ya hedifoni. Watazamaji huona kwenye skrini kubwa adui alipojificha, mchezaji haoni. Kwa hiyo lazima masikio yake yazibwe, asije akausikia ukumbi ukiguna akajua pa kupiga.

Wiki ya tisa alimwona nyota wa ligi, kijana waliyemwita Umeme, ameisukuma hedifoni nyuma ya sikio la kushoto. Akamgusa bega kumwonya. Umeme akaiweka sawa. Dakika tatu hazijapita, sikio nje tena. Watu wakapiga mayowe, Umeme akageuza bunduki ghafla, akamwangusha adui aliyekuwa nyuma ya ukuta.

Bi Kanuni akasimamisha mchezo, raundi akawapa wapinzani. Ukumbi mzima ulimzomea.

Jumatatu mwenyekiti wa ligi akamwita ofisini.

"Mama, umetuharibia matangazo."

"Nimefuata ukurasa wa kumi na nne."

"Watu hawaji kuangalia ukurasa wa kumi na nne. Wanakuja kumwangalia Umeme."

"Basi mpeni na uamuzi, ajichezeshe mwenyewe."

Kesho yake ligi ikatangaza kwamba Umeme amerudishiwa raundi yake, na mwamuzi amepumzishwa kwa kuwa "haelewi vizuri mchezo wa vijana."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Kusimamishwa kazi angevumilia. Lakini eti haelewi! Nusu ya vijana wale walijifunzia kushika kipanya darasani kwake. Akaenda kuomba picha za kamera ya nyuma ya meza. Fundi mitambo akamwambia zimefutika.

"Zimefutika au zimefutwa?"

Fundi akatazama viatu vyake.

Nyumbani alisahihisha mitihani kwa mkono mzito hadi kalamu ikatoboa karatasi. Mumewe, fundi saa asiyependa makelele, akamwambia, "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe kwani njia ni ya babake?"

Siku ya fainali alikata tiketi kama watu wengine, akakaa mstari wa mbele. Mchezo wa pili, Umeme akajikuna, na hedifoni ikasogea. Mwamuzi mpya alikuwa nyuma yake palepale, akaona, akainua macho kuangalia dari.

Bi Kanuni akasimama. "Sikio!"

Watu wakacheka. Akapaza tena, "Sikio!" Binti mmoja nyuma akaitikia, kisha safu yake nzima, kisha ukumbi wote, hata waliomzomea wiki ile: "Sikio! Sikio!"

Katika wachezaji kumi, tisa waliendelea kucheza kama viziwi. Mmoja tu ndiye aliyegeuka.

Kicheko kilichofuata kingeezua paa. Umeme aliivuta hedifoni ikamziba sawasawa, akainama juu ya meza. Mchezo ule walishindwa. Mitatu iliyofuata akacheza masikio yamezibwa, na wakabeba kombe.

Ushindi huo ndio uliomuudhi Bi Kanuni kupita yote. Alimfuata kijana kando ya jukwaa, kombe likiwa bado mikononi.

"Kumbe unaweza bila kuiba! Sasa ya nini?"

Umeme akainamisha kichwa. "Mama, msimu mzima hakuna aliyenikataza ila wewe."

Bi Kanuni akaondoka pale, na safari hii hasira yake haikuwa juu ya kijana tena. Ilikuwa juu ya watu wazima wote wale wa ligi, wenye vitambulisho shingoni!

Baada ya mwezi mwenyekiti akapiga simu, sauti imejaa asali. "Mama yetu, msimu ujao tunakuhitaji."

"Tangaza kwanza kwamba mchezo naujua. Ukumbini, kwenye maikrofoni."

"Ah, hayo yamepita, mama."

"Yamepita kwako," akasema, akakata.

Msimu mpya ulianza bila yeye. Hasira haijamtoka mpaka leo, na ukimshauri asamehe yaishe, atakuuliza ni nani aliyemwomba msamaha.