Jina la Masengo Niliitika Mimi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa iwe ya mtu mwingine. Unanijua: mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni Kashikishi tu, tayari nakiwazia kiti changu kama mtu anavyomuwaza mke. Hata ujanani nilikuwa hivyo. Rafiki yangu Masengo ndiye aliyeniandikisha kwa nguvu katika kikundi cha wapenda muziki, watu ishirini na ushee waliosafiri pamoja kusikiliza kwaya, okestra, na ile michezo ambayo watu hawaongei, wanaimbiana tu. Mtu anachomwa kisu, badala ya kulia anaimba, tena hamalizi upesi. Mimi nilikuwa nasinzia. Masengo alikuwa anafuta machozi.

Siku hiyo tulivuka ziwa Mweru asubuhi kwenda Kilwa, upande wa Kongo, kuwasikiliza waimbaji waliotoka Lubumbashi. Kikundi kilikuwa na desturi yake: kabla boti haijaondoka, Mama Kabwe, prezidanti wetu, anasoma majina na kila mtu anaitika "Niko!" Tukishuka anasoma tena. Aliyechelewa mara mbili anafutwa. Masengo alikwisha kuchelewa mara moja.

Muziki ulipokwisha, jua likiwa bado juu, akanivuta mkono.

"Yaya, mkubwa wangu, yule mama wa sauti kubwa anafundisha watu wimbo kule nyuma ya ukumbi. Mama Kabwe akiita jina yangu, uniitikie. Mi nakuja mbio."

"Na usipokuja?"

"Weye unawaza kitanda tu! Nakuja."

Ni kweli, nilikuwa nawaza kitanda. Jina lake lilipoitwa nikainama nyuma ya mizigo, nikaigiza sauti yake: "Niko!" Mama Kabwe hakuinua hata macho kwenye karatasi. Nikajisifu moyoni kwamba kumbe na mimi ni mwimbaji.

Injini ikawaka. Nikatazama ufukweni: Masengo hayupo. Mwanangu, hapo ndipo pa kupiga kelele. Lakini tungefutwa wote wawili, na watu wangenicheka mpaka Nchelenge. Nikajiambia atalala Kilwa, kesho atakuja na wauza samaki. Husemwa ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa jiwe.

Katikati ya ziwa upepo ukaamka. Mweru ikichafuka haina rafiki. Tulifika Kashikishi tumelowa, jua linazama. Mama Kabwe akasoma majina.

"Masengo!"

Akarudia:

"Masengo!"

Mama yake alikuwa amekuja kumpokea. "Mutoto yangu iko wapi?"

"Alipanda, mama," Mama Kabwe akasema. "Aliitika. Wote tulisikia."

Basi wote wakaamini ameanguka kutoka boti yetu, karibu na kwetu. Wavuvi wakasukuma boti, wakatafuta maji ya upande huu mpaka giza likawarudisha. Nami nilisimama palepale, namwona mama yule anavua kitambaa kichwani na kukikamua kama kimelowa, kumbe kikavu. Sikusema. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba mwanawe yuko Kilwa anaimba.

Asubuhi ikaja boti kutoka ng'ambo. Masengo alikuta tumeondoka, akaazima mtumbwi atufuate. Upepo ukampindua, bado hajafika mbali na Kilwa. Wavuvi wa kule walimkuta maiti, amejifunga kwenye mtumbwi kwa mkanda wake.

"Mwili haukuwa umekaza bado," mvuvi mmoja akasema, bila kumtazama mtu. "Alishikilia mpaka karibu na kucha."

Hapo ndipo nikasema.

Mama yake Masengo hakunipiga. Heri angenipiga.

"Kumbe ni weye uliitika. Alore basi, kuanzia leo nikimwita, itika."

Na aliita, mwanangu. Miaka. Akipita mbele ya mlango wetu akienda sokoni anaita mara moja, anasimama kidogo, anaendelea. Mimi nimekaa chumba cha nyuma, mkono mdomoni. Ninyi mnanitania kwamba ni konokono. Nitanieni tu.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha aibu, na kifo kikamchukua mwenzangu. Sasa nasikia Jumamosi kikundi chenu kinakwenda Mansa kwenye konsere, na majina mnayaweka kwenye simu. Nenda. Muziki haukumuua Masengo. Ila usimwitikie mtu asiyekuwepo, hata akiwa ndugu yako wa ziwa moja, hata akikuomba kwa kicheko. Na kama umekwisha kudanganya, sema upesi, sema wakati boti bado zinasukumwa, maana uongo mdogo huwapeleka watafutaji kwenye maji ambayo mtu hayumo. Watakucheka, ndiyo. Kicheko kinapona. Mimi nilikikwepa cha siku moja, na tazama nilichopata.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu. Akupe macho ya kutazama nyuma kabla gari halijaondoka, na mdomo usioona haya kusema "ngojeni". Uende na wote, urudi na wote.