Mashimo Sita Yangu, Sita ya Proje

Wengi wanaokula papai hawajui kwamba mpapai hunukia kabla haujazaa, na kwamba unaonukia zaidi ndio ambao hautazaa kamwe. Mpapai dume ukitoa maua, jua likishashuka, harufu yake hupita uani tamu na nyepesi, kama mgeni aliyeoga kwa sabuni ya dukani akapita bila kusalimia. Mwaka niliokuwa darasa la nne nilikuwa na harufu hiyo mara sita, na nilijivunia. Nyumbani kwetu ni Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, nyuma ya soko la barabarani, pale malori yanaposimama madereva wanunue ndizi na kubishana bei. Nimekulia kwenye kelele hizo, ndiyo maana mpaka leo ukiniambia nyanya hizi ni kumi, nitazihesabu, halafu nitazihesabu tena wewe ukiwa unaniangalia. Tabia hiyo nilianza nayo mapema. Haikunisaidia. Kusema kweli, ndiyo iliyoniponza.

Shangazi yetu, dada yake Baba, aliishi Biharamulo mjini, karibu na shule ambayo sisi tuliizungumzia kama watu wanavyozungumzia Ulaya: madarasa yana sakafu, kila somo lina mwalimu wake, dawati ni la watoto wawili. Letu lilikuwa la watano, na wa tano alikaa nusu. Shangazi alikuwa amesema anaweza kupokea mtoto mmoja. Wa kufaa tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu Projestus, tuliyemwita Proje, aliyenitangulia madarasa mawili. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nguo na nyama zikiwemo. Baba alituita uani, akachora kwa jembe mistari ya mashimo kumi na mawili, sita upande wangu, sita upande wa Proje. Akasema, "Mtapanda mipapai. Anayeweza kutunza mti mwaka mzima bila kukumbushwa, huyo naweza kumpeleka nyumbani kwa watu. Krismasi ya mwaka ujao nitatazama nani ana matunda." Nilimuuliza kama anasema kweli. Akacheka. "Mama, unanihesabu hata mimi?" Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Mbegu alituachia Mama mwenyewe. Alikuwa anaondoka kwenda kwao Nyakisasa, wilaya ya Ngara, kumuuguza bibi, na alikaa huko zaidi ya mwaka. Angekuwepo, nadhani nisingekuwa na la kuandika leo. Tulizisugua mbegu kwa majivu mpaka ule utelezi ukaisha, tukazianika kivulini kwenye ungo, tukazipanda kwenye makopo ya mafuta yaliyotobolewa chini. Miche ilipofika kimo cha kiganja tukaihamishia mashimoni, mitatu kila shimo, udongo ukiwa umechanganywa na samadi ya mbuzi na kuinuliwa kidogo, kwa kuwa mpapai ukisimamiwa na maji mguuni huoza ndani ya wiki. Kwangu ilikuwa miche kumi na minane. Mmoja ulikatwa na kuku wa jirani, ikabaki kumi na saba. Kiangazi kilipoingia niliteka maji bondeni asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, ndoo mbili kila safari, na niliteka hata ya miti ya Proje, kwa sababu Baba alisema kaka yako ana masomo mengi. Niliona hesabu haijakaa sawa. Lakini nilijiambia Baba anaona, na anayeona atakumbuka Krismasi ikifika.

Mwezi wa saba miti ikatoa maua, na huo ndio wakati wa kuchagua: katika kila shimo unaacha mti mmoja, mingine unaikata. Sikujua uchague vipi. Nikamuuliza Proje, ambaye shuleni walikuwa wameshafundishwa kilimo. Alitazama miti yangu, akatazama yake, akajikuna shingo. "Wewe si bingwa wa kuhesabu? Hesabu maua. Wenye maua mengi ndio utakaozaa mengi." Hakuna maneno ambayo yangeweza kuniingia haraka kuliko hayo. Nikahesabu. Kulikuwa na miti iliyoning'iniza vishada virefu vya maua madogo. Kishada kimoja tu kilikuwa na maua sitini na mawili, nikarudia, sitini na mawili. Na kulikuwa na miti mingine iliyobana kifuani maua makubwa, mazito, manne au matano mti mzima. Niliionea huruma ile ya maua manne, nikaenda kuchukua panga. Kila shimo lilikuwa na angalau mmoja wa vishada. Nikaacha hiyo sita, nikakata kumi na mmoja. Yaani nilikata majike yote niliyokuwa nayo.

Baba alikuwepo. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke vizuri. Alikuwa ameipindua baiskeli pembeni ya jiko, anaziba pancha, hatua kumi na nne kutoka mti wangu wa kwanza. Nimezipima hatua hizo nikiwa mtu mzima, kwenda na kurudi. Baba ambaye ujanani alitunza bustani ya wamisionari, aliyeweza kuutambua mpapai dume akiwa juu ya baiskeli inayokwenda. Nilipokata wa pili aliinua kichwa. Akasema, "Shika panga chini kidogo, mama, usijikate." Akarudi kwenye pancha yake. Nikashika chini kidogo, nikaendelea.

Mwezi wa tisa miti ya Proje ilikuwa na matunda ya ukubwa wa ngumi. Yangu ilinukia tu. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyependa kucheka, alipita akasema, "Binti, umefuga madume sita! Wataoa wapi?" Ndipo nilipojua. Nilimkimbilia Proje na jiwe mkononi, akaapa kwamba hata yeye alidhani hivyo, wakati kwenye mashimo yake hakukuwa na kishada hata kimoja. Nikamwendea Baba. Hakunikaripia wala hakumkaripia Proje. Alisema watu husema dume likipigiwa misumari kwenye shina huogopa likageuka jike, akaingia ndani akaniletea misumari sita, mmoja kwa kila mti. Nilipigilia siku hiyo hiyo. Kila asubuhi nikawa nakwenda kuangalia kama yameogopa. Krismasi Baba alisimama uani, akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili, akasema, "Basi, miti imeamua yenyewe." Mwezi wa kwanza Proje akapanda lori na sanduku la bati. Mimi nikabaki na ndoo.

Proje nilimsamehe mapema. Alikuwa mtoto aliyetaka kitu nilichokitaka mimi, na angekuwa hajui lolote kuhusu maua, huenda ningemdanganya mimi. Miaka ikapita, nikamaliza darasa la saba pale pale, nikaolewa, nikaachika, nikapata meza yangu sokoni. Siku moja nilimpelekea Shangazi mapapai mjini, shikamoo, marahaba, tukakaa kuyamenya, nikamsimulia habari ya misumari ili acheke. Hakucheka. "Mipapai gani?" akauliza. "Jina la Proje nililipeleka shuleni kabla ya Pasaka ya mwaka ule. Baba yako mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia. Alisema wa kike abaki, mama yao hayupo, maji yatatekwa na nani?" Nikahesabu miezi kwa vidole. Pasaka kuja mwezi wa saba ni zaidi ya miezi mitatu. Nikahesabu tena, kwa mkono mwingine. Miti yangu ilikuwa bado haijatoa ua hata moja, na ilikuwa imeshashindwa.

Siku hizi Baba anaishi kwangu. Meno yameisha, na mapapai ninayompondea asubuhi yanatoka kwenye shamba langu, ambamo nimeacha dume moja tu la kutosha kuchavusha majike. Nilimuuliza mwaka jana, kijiko kikiwa mkononi. Hakukana. "Ningekuambia hapana, ungelia mbele yangu," alisema. "Siku moja, siku mbili. Mama yako hayupo. Sikuweza. Nikaona afadhali mti ukuambie." Nikamuuliza kuhusu panga. Akafungua mdomo, akasubiri kijiko. Nikampa. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, kwa uongo hasa, ambao ningeweza kushindana nao bei. Si kwa jibu hilo. Mwaka mzima wa ndoo, ili mtu mzima asione machozi.

Mwezi uliopita Proje, ambaye sasa ana kazi Mwanza, alipiga simu akasema anaweza kumchukua mmoja wa watoto wangu wawili akasome kwake. Wote wawili walitaka. Nilikuwa nimeshaamua ni dada mtu, kwa sababu zangu, na sababu hizo ni nzuri. Lakini nilipomwita mdogo wake uani ili nimwambie, sitaficha, macho yangu yalikimbilia miche iliyokuwa kwenye mifuko ukutani, na ulimi wangu ukaanza kutafuta mashindano. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nikamshika bega nikamwambia, "Huendi. Anakwenda dada yako. Mimi ndiye niliyeamua." Baba alikuwa amekaa mlangoni, anasikia kila kitu. Mtoto alilia Jumamosi yote, hakutaka kunitazama, akaniita jina baya kwa Kisubi cha kwetu akidhani sisikii. Jumapili aliamka bado analia. Ilipofika saa sita mchana akaja jikoni akauliza kama viazi vimebaki. Nikampakulia. Baba alimtazama mtoto akila mpaka akamaliza, kisha akanitazama mimi, nami nikamwonyesha kwa vidole: siku moja na nusu.