Spika Moja, Gitaa Tupu

Juzi nilipeleka redio yangu kwa fundi mjini, baada ya kuitengeneza mwenyewe mpaka ikanyamaza kabisa. Akaingia mama mmoja kutoka mtaa wa Waithaka, amebeba spika ya mbao mgongoni. Pale kaunta palikuwa na bwana anayekusanya spika za zamani. Akaipapasa, akainusa, akachungulia ndani.

"Karatasi yake ya kutolea sauti ni ile ile ya kwanza. Hii ni mali, mama! Mwenzake yuko wapi?"

"Kabiria, mtaa jirani, kwa ndugu yangu. Baba alipofariki tuligawana kila kitu, hata santuri. Tangu hapo hatuongei."

"Moja siwezi kununua. Hizi huimba pamoja: hii inatoa gitaa, ile inatoa waimbaji."

Mama akaishika spika kama anayepima homa ya mtoto. "Kwa hivyo miaka hii yote nasikia gitaa tu?"

"Gitaa tu."

"Na yeye anasikia watu wanaimba bila gitaa?" Akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. Kisha akaibeba tena.

"Mama, hatujaongea bei ya zote mbili!"

"Naenda Kabiria."

Nimesikiliza bendi kuanzia Kinshasa hadi London, lakini jioni ile nilitamani kualikwa Kabiria.