Nani Kakushonea?

Siku ya kwanza niliingia ghala la Kampuni, hapa Bagamoyo, nimevaa kanzu ya marehemu baba, imekunjwa kiunoni na kufungwa kamba nisiikanyage. Wiki ileile nilikuwa nimeacha shule. Baba na mama walitutoka katika msimu mmoja wa masika, na wadogo zangu wawili, Salum na Zuhura, hawakuwa na wa kuwapikia uji ila mimi.

Nilipewa kazi ya chapa. Wakulima wa Zinga na Kaole walileta mbata, yaani nazi zilizokaushwa. Tulizichagua, nyeupe za jua huku na nyeusi za moshi kule, kisha tukazipima. Mimi niliweka juu ya gunia kipande cha bati kilichokatwa herufi, nikapaka wino, na herufi za Kampuni zikabaki. Karani Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya muadhini, aliniita akanionyesha gunia.

"La nani hili?"

"La Mzee Kombo wa Zinga, bwana."

"Lilikuwa. Likishavuka mizani ni la Kampuni. Ukilitaja tena kwa jina la Kombo, nitakurudisha kwa Kombo ukalime naye."

Wapagazi wakacheka. Nilijifunza upesi kutotaja majina ya watu, na kwa hilo nikapanda cheo.

Nilihamishiwa Sadani kuwa mpokeaji wa mizigo, na wadogo zangu nikaenda nao. Siku nyingi mzigo wenyewe haukuja. Mlinzi wa ghala, Mzee Faki, alikuwa mshona kofia za viua. Viua ni vile vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka vikatoa ua. Huchorwa kwanza kwa penseli juu ya bafta, kitambaa cheupe laini, kisha kila kitobo hutobolewa na kushonwa peke yake. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Mzee Faki alinifundisha kwa matusi ya upole. "Usivute uzi kama unafunga mbuzi," alisema. "Tobo hubembelezwa."

Kutoka Sadani nikapelekwa Pangani, kisha Dar es Salaam, kwenye ofisi kuu, nikawa karani wa mizigo ya meli na kuvaa viatu kila siku. Salum aliingia jeshini wakati wa vita, akaenda na wenzake ng'ambo, hakurudi. Tukabaki mimi na Zuhura.

Zuhura alipochumbiwa na watu wa Pangani, watu wa majumba ya mawe na majina marefu, nilifurahi kama mama. Miongoni mwa vitu vya kumpelekea bwana harusi palitakiwa kofia. Nilianza kuishona mwenyewe, lakini meli zilifuatana mwezi ule na Meneja hakuruhusu mtu kuondoka mezani. Nikanunua moja mjini, nzuri kuliko ambayo ningeweza kushona mimi.

Tulipofika Pangani, kofia ikatolewa mbele ya wanawake. Shangazi wa bwana harusi akaigeuzageuza.

"Mashallah. Nani kashona?"

Hilo ndilo lililokuwa ulizo la pwani yetu. Mtu akikuona na kofia mpya, haulizi bei. Huuliza, "Nani kakushonea?" Nawe hutaja mama, mke, au dada. Zuhura, mkweli siku zote, akajibu kwamba imetoka dukani.

"Ya dukani!" shangazi akasema. "Kumbe huyu mtoto hana watu?"

Wakacheka kidogo, wakaendelea na vitu vingine. Zuhura alinisimulia kesho yake, macho yamemvimba. Nilirudi ofisini, nikapanga hati za meli miaka mingine mingi, na neno lile halikunitoka. Asiye na watu avae nini? Avae aibu?

Mwishowe nikaenda kwa Meneja kuaga. Alikuwa Mzungu mzee, na Kiswahili chake alikiokota ghalani.

"Wewe taka fanya nini?"

"Kufungua duka Bagamoyo, bwana. Vitu vya mkono. Zawadi."

"Zawadi hapana uza," alisema. "Zawadi napewa tu."

"Kwa mwenye wa kumpa, bwana."

Akachukua kalamu, akatia sahihi.

Nilipita Pangani kumwarifu Zuhura. Alikuwa na mtoto mgongoni na wakwe zake sebuleni. Kaka karani wa Kampuni ndiye aliyekuwa heshima yake pekee katika nyumba ile.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "ulininunulia aibu ya dukani. Sasa unaifungulia duka?"

Nikainuka kuaga. Hakunisindikiza. Tangu siku ile, salamu nilizompelekea hazikurudi na salamu.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kibaraza. Niliweka kofia nilizoshona, mikeka ya rangi, vipepeo vya kujipepea, na kawa za kufunikia chakula zilizosukwa na akina mama wa Kaole na Mbegani. Wazee wa kibaraza cha jirani wakaliita Duka la Wasio na Watu. "Umepata yatima leo?" walinitania. Mwezi wa kwanza sikupata hata mmoja. Nilikaa nikashona, nikasikia uzi ukipita kwenye nguo.

Wa kwanza alikuwa askari polisi, mtu wa bara ya mbali, anayekwenda likizo. Alichukua kawa, akairudisha, akaichukua tena.

"Mama akiniuliza nani kanipa, nitasemaje?"

"Sema Bi Tatu wa Mbegani, na anamsalimu."

Nikampeleka kwa Bi Tatu wakasalimiana, isije ikawa uongo. Aliporudi alileta kifurushi cha ulezi: mama yake kamtumia Bi Tatu. Basi huo ukawa utaratibu wa kazi yangu. Hakuna kitu kilichotoka dukani bila jina la mkono uliokifanya. Nilikuwa nimetumia ujana wangu kufuta majina kwenye magunia.

Wateja wakaja: walimu, matarishi, wauguzi, watu waliohamishwa mbali na kwao. Wote waliondoka na jina la mtu. Jioni nilifunga mlango, nikapika chakula cha mtu mmoja.

Miaka ikapita. Mchana mmoja mwanamke wa buibui akasimama mlangoni. Hakutoa shikamoo.

"Hodi. Kofia mnauza? Ya bwana harusi."

Nilimjua kwa sauti. Nikamfuata katika ugeni aliojitia, nikamtolea kofia moja ambayo nilikuwa sijaiweka nje. Aliishika muda mrefu, akipitisha kidole kwenye viua.

"Mwanangu ataulizwa," akasema. "Nani kashona?"

"Mimi."

Akaikunja polepole ndani ya kanga. Alipofika barazani, akasema bila kugeuka, "Shikamoo, kaka." Nikaitikia marahaba, lakini sijui kama ilimfikia.

Sikualikwa harusini. Dereva wa lori aliyetoka Pangani ndiye aliyenipa habari: kijana aliulizwa mbele ya wazee, akajibu, "Mjomba wangu wa Bagamoyo." Kumbe nyumba ile ilikuwa na mjomba.

Macho yalipokataa sindano nililifunga duka. Akina mama wale wengi wametangulia mbele ya haki, na Zuhura naye sasa. Mwaka mmoja kabla hajaondoka, lori lilileta kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kofia. Viua vimekwenda upande, uzi umevutwa kama wa kufunga mbuzi, na inanipwaya mpaka masikioni.

Naivaa kila Ijumaa. Napita mbele ya vibaraza, narudi polepole. Vijana wananiamkia vizuri, wana adabu, lakini siku hizi kofia hununuliwa na hakuna anayeuliza tena. Jibu ninalo. Ni mdogo wangu, Zuhura.