Upande wa Pili wa Santuri

Sikuwa mshabiki mkubwa wa muziki. Nilikuwa na kinanda cha santuri cha kuzungusha kwa mkono, santuri sita, na sikio ambalo mpaka leo naliamini kuliko la mtu yeyote Keumbu. Walimu wenzangu walinunua wimbo baada ya kuusikia kwa watu kumi. Mimi nilitangulia, wao wakaja kuazima.

Santuri mpya zilifika Kisii mjini, kwa Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, karabai na vipuri vya baiskeli. Alizificha nyuma ya majora ya amerikani, na ukitaka kusikia ilibidi umwombe. Sharti lake lilikuwa lilelile kila Jumamosi.

"Mwalimu, upande moja tu," aliniambia. "Sindano naisha."

Sikubishana naye. Kwa sikio langu, upande mmoja ulitosha.

Mwaka niliokuwa nikiposa, nilimkuta amepata santuri ya Ekegusii, lugha yetu, ya kwanza kuiona maishani. Akaweka sindano, nikasikia obokano, kile kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane, kikinguruma dukani kama vile mpigaji amekaa chini ya meza. Wimbo ulisifu ng'ombe. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya ni vumbi. Nililipa, nikaitia santuri katikati ya madaftari ya wanafunzi isije ikavunjika, nikaendesha baiskeli polepole kama niliyebeba mayai.

Nyumbani sikuipiga. Niliiweka kwa ajili ya wageni, kwa sababu nilitaka kuziona nyuso zao wakiisikia mara ya kwanza. Wiki ile baba wa msichana angekuja na wanawe wawili kuangalia boma langu na ng'ombe. Akiridhika, ningeoa. Asiporidhika, kulikuwa na karani mmoja wa Nyamira aliyekuwa akisubiri zamu yake, na msichana yule nilimpenda vibaya sana.

Walikuja asubuhi. Mzee alipokea uji wa wimbi, akanywa. Nikaweka upande wa kwanza. Obokano ilipoanza alifumba macho, na kidole chake kikawa kinagonga goti. Nikajua nimeshinda. Wimbo ulipokwisha niliigeuza santuri, nikazungusha mkono wa kinanda, kisha nikaenda zangu jikoni kuharakisha nyama.

Huko jikoni ndiko nilikousikia upande wa pili. Ulikuwa wimbo ambao vijana huimba wakiwa peke yao, unaoutaja mwili kwa majina yake yote. Kwetu kuna chinsoni, ile haya baina ya wazazi na watoto: baba na mwana hawasikilizi maneno hayo pamoja, na mbele ya mkwe ndiyo usiseme. Nilirudi mbio nikainua sindano, lakini chumba kilikuwa kitupu. Vijana walikuwa wametokea mlango wa nyuma, mzee ule wa mbele. Nilimwona amesimama zizini, akiwatazama ng'ombe kwa makini ya mtu asiyetaka kugeuka. Baadaye wakaenda zao, na nyama yangu ikabaki sufuriani.

Siku nne sikula vizuri. Niliona aibu mpaka kwenye masikio yaleyale niliyokuwa nikijivunia. Wala nisingeweza kuomba radhi, maana ningelazimika kusema naomba radhi ya nini.

Siku ya tano akaja mshenga wetu, akaketi kwenye kiti kile kile cha mzee. Nilimwuliza habari za huko alikotoka.

"Mzee amesema ng'ombe amewaona, na ni wazuri," alinijibu. "Santuri yako pia ameipenda. Anasikitika tu kwamba ina upande mmoja."

Nilimwoa binti yake. Miaka yote aliyokuja kututembelea nilimpigia ule wimbo wa ng'ombe, na ulipokwisha nilirudisha sindano mwanzo, akafumba macho tena.