Kikohozi Nyuma ya Pazia

Juzi, kwenye benchi la zahanati moja hapa mjini, mzee mmoja mfanyabiashara wa Kondoa alitusimulia jinsi alivyopasuliwa ngiri huko Bombay, miaka mitano iliyopita, kwa vitundu vitatu tu. Sasa, tangu anyanyue gunia la ulezi, kinena kinamvuta. Akaitwa nyuma ya pazia.

"Kohoa, mzee wangu," tukamsikia daktari. Akakohoa. "Tena, kwa nguvu." Akakohoa. Nikashtukia mkono wangu uko kinenani. Nikatupa jicho: wanaume wote wa benchi lile, mikono yao ilikuwa huko huko.

"Haijarudi. Ni msuli tu umeshtuka."

Mzee akatoka anacheka. Nikaitwa mimi.

"Unaumwa nini?"

"Malaria," nikajibu, na ngiri yangu ya miaka minne nikarudi nayo nyumbani.