Mguu Mbovu Utangulie

Mguu niliuvunja kwa kuanguka kutoka juu ya magunia ya alizeti. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanaingia hadi vijijini kununua mazao, na sisi tunadandia kurudi Singida mjini. Dereva alifunga breki ghafla, mimi nikashuka bila kuombwa. Muundi ukakatika.

Nilikaa na plasta, halafu na magongo, halafu na maneno ya watu: mkimbiaji kilema, si aolewe tu. Maneno mimi siyawezi. Nikanunua raba za mitumba mnadani, nikarudi mazoezini.

Kocha wangu, aliyenifundisha tangu shule ya msingi, alikuwa na nafasi moja ya msichana kwenye mbio za kilomita themanini, huko nchi za kusini. Mimi nilikuwa sijawahi kufika hata hamsini. Akaniambia, "Nenda Ikungi kwa miguu, urudi; ni zaidi ya kilomita sabini. Ukifika hapa uwanjani kabla ya adhana ya alasiri, nafasi yako. Usipofika nampa mwenzako, na usininunie."

Nikaondoka alfajiri. Ikungi niligusa ukuta wa soko, nikanywa maji, nikageuza najiona malkia. Kumbe njia nzima nilikuwa naukimbiza mguu mzima, huu mbovu naukokota tu. Wakati wa kurudi muundi ukaanza kuwaka moto. Nikawa nachechemea huku nalia kwa hasira.

Nikalifikia kundi la ng'ombe wanaoswagwa kwenda mnadani mjini, nikataka kulipita kimya. Mswagaji, baba wa makamo mwenye viatu vya tairi, akaniita.

"Binti, kwenu hamsalimii watu?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mguu una nini?"

Nikamweleza yote, hadi habari ya adhana. Pole hakunipa. Akanyoosha fimbo kule mbele, alikotangulia ng'ombe mwekundu anayechechemea. Wafugaji wa kwetu ndivyo wanavyofanya: mgonjwa akiachwa nyuma atalala njiani, akiwekwa mbele kundi zima litafuata mwendo wake.

"Kakae naye pale," akasema.

Iliniuma. Mimi wa kwenda kusini kuwekwa fungu moja na ng'ombe kilema! Lakini jeuri yangu ilikuwa imeishiwa pumzi, nikaenda.

Yule ng'ombe hakuwa na haraka wala aibu. Alitanguliza mguu mbovu, akaukanyagia taratibu mpaka ukatulia, ndipo mingine ikafuata. Nikamwiga. Nyuma yetu kundi zima lilikuwa linahema, na hakuna hata mmoja aliyetusukuma. Nikasisimka mwili mzima. Muundi uliuma bado, ila chini ya maumivu niliusikia mfupa umeshika. Nani aliuunga? Plasta ilikuwa chokaa tu. Mimi nilikuwa nalala, nanuna, nakula, na wenyewe unajiunga humo ndani bila kuniuliza. Niliuogopa mwili wangu, woga ule wa mtu aliyeingia nyumba ya ibada na viatu.

"Haya, sasa nenda," mswagaji akasema. "Hawa watakuchelewesha."

Nikamshukuru, nikakimbia kwa mwendo wa mguu mbovu, na sikusimama tena.

Adhana ilianza ndiyo kwanza naingia uwanjani. Kocha alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye kiti. Mguu mzima ulitaka kuchomoka mbio, niliusikia kabisa. Nikaukatalia. Nilizunguka uwanja kwa mwendo uleule, adhana ikaisha, na moyoni nikaaga kusini.

"Nimechelewa, mwalimu," nikasema.

Alipiga goti akaupapasa muundi wangu kwa vidole viwili, juu hadi chini, kisha akaniangalia.

"Nilikuwa naangalia kama utaikimbilia ile adhana," akasema. "Ungeikimbilia, ningempa mwenzako. Themanini zinamtaka anayeusikiliza mguu wake."

Nikakaa palepale kwenye vumbi, nikalia mbele yake bila aibu.